Trei za Mayai za Dada Nati

HAYA yafuatayo ni kweli tupu, na mwandishi wa makala haya yuko tayari kushika chochote atakachopewa ashike na kuapa juu yake. Anaapa mapema kwa sababu anajua sifa yake mtaani ilivyo.

Saa moja asubuhi, mwandishi ameketi kwenye kigoda cha mgeni. Dada Nati amepiga magoti katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha kulia chakula. Mbele yake kuna trei nne za mayai, zile za plastiki, na hakuna yai hata moja. Kila kishimo kina bolti. Zote zinang'aa, bado zimelowa mafuta ya taa, zimepangwa kuanzia fupi hadi ndefu kama shanga dukani. Anazitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta milango imehamishwa.

"Nani kaniulia gari?" anauliza kwa sauti ya chini.

Wifi yake, mke wa mdogo wake, amesimama mlangoni anajifuta mikono. "Kuua tena? Nimekusaidia, wifi! Zilikuwa na masizi hadi aibu. Nimeziosha, nimezipanga. Hata asante sipati?"

Dada Nati anafumba macho.

Gereji hii iko uani mwa nyumba ya familia. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, ndiye anayefungua magari, matatu au manne kwa wiki. Dada Nati, mwanamke aliyevuka hamsini, hupokea kila kinachotoka. Bolti ya kwanza kutoka huingia kishimo cha kwanza, inayofuata cha pili, hivyo hivyo mpaka injini inabaki kopo tupu. Wakati wa kufunga, anarudi kinyumenyume. Haandiki popote. Mpangilio wenyewe ndio kumbukumbu yake, na asubuhi hii umefutwa kwa usafi.

Majirani wanasimulia kwamba siku moja alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, akasikia nati ikidondoka uani. Akapaza sauti: "Hiyo ni ya mlango wa nyuma, iko chini ya tairi!" Wakaikuta chini ya tairi. Fundi anakanusha vikali. Anasema ilikuwa ya mlango wa mbele.

Lakini leo si siku ya mchezo. Mwezi uliopita gari moja liliondoka na nati ikabaki kwenye trei. Mwenyewe alirudi huku mlango ukigonga kama debe. Hapo wifi, ambaye kwa miaka amekula sahani ikiwa magotini, alitoa sharti mbele ya watu: gari la mkunga wa mtaa, lililofunguliwa uani, likipungukiwa au likibakiza hata bolti moja, trei zote nje, meza yake inarudi chumbani. Dada Nati akakubali.

"Bila chumba hiki mimi ni mwanamke anayeokota vyuma tu," anasema. "Nikiwa humu, gari linarudi kuwa gari."

Mkunga anakuja kulichukua kabla ya adhuhuri.

Dada Nati anafumbua macho, anaokota bolti moja na kuielekeza dirishani. "Hii shingo yake ni ya bluu. Imeungua. Ilikaa karibu na bomba la moshi." Anaiweka kando. "Hii imeliwa na kutu, jirani yake ni pampu ya maji. Na hii, gusa uone ilivyo laini, imeoga oili maisha yake yote."

Mafuta ya taa yameondoa uchafu. Kuungua na kutu vimebaki palepale. Anasoma moja, anasoma nyingine, na injini inaanza kujichora sakafuni, upande kwa upande. Fundi amesahau spana mkononi. Wifi ametoka mlangoni, amechuchumaa, na bila kuombwa anamshikia trei.

Bolti mbili zinafanana kabisa. Dada Nati anapitisha ukucha kichwani mwa mojawapo.

"Fundi, hii uliifungua ukiwa na hasira. Spana imeteleza, imeing'ata pembe. Siku hiyo uligombana na mkeo."

Wifi anaangua kicheko. "Makubwa! Kumbe hata ugomvi wangu umo kwenye injini ya mkunga!"

"Ulimwambia hajui kukaanga samaki," Dada Nati anamkumbusha mdogo wake. Fundi anatazama dari.

Kazi ya kufunga inaanza. Dada Nati anatoa, Fundi anakaza. Vishimo vinaisha mpaka kinabaki cha mwisho, nacho hakina bolti, ilhali injini bado inadai moja.

Fundi anamgeukia mkewe. "Umeificha. Unataka meza yako."

Uso wa wifi unabadilika. "Mimi? Mimi nimfanyie hivyo wifi yangu?"

"Mwache," Dada Nati anamkatiza. "Huyu angetaka kuficha, angeficha trei nzima. Hana subira ya kuficha kimoja kimoja."

Kisha anageuka taratibu kuelekea kwenye kigoda cha mgeni. "Bolti zilitoka kwenye mafuta ya taa. Mwandishi, mbona mfuko wako wa kulia umelowa?"

Wote wanatazama suruali ya mwandishi wa makala haya, mtu mzima mwenye mvi, aliyetaka tu kupima kama sifa za mama huyu ni za kweli. Bolti inatoka mfukoni. Dada Nati hata haiangalii. Anaipima kiganjani na kumpa Fundi. "Ya kushikia dinamo. Kaza."

Mkunga anawasha gari mara moja tu, linaitika. Trei hazina kitu.

"Haya, umeshinda," wifi anasema, akijaribu kutabasamu. "Mimi na magoti yangu tutaendelea kuwa meza."

"Nani kakwambia? Umenishikia trei asubuhi nzima." Dada Nati anaonyesha ukutani. "Mimi nataka rafu mpaka darini. Trei zikipanda juu, meza yako inakaa hapa katikati, tunakula wote. Kilichonikwamisha ni mbao."

Anamtazama tena mgeni. "Eti mwandishi, kwako kuna kabati la vitabu?"

"Lipo, lakini..."

"Refu?"

Jioni kabati linapita mtaani juu ya mkokoteni, mwenyewe akisukuma kwa nyuma. Meza ya wifi imeingia siku ya pili yake, na Dada Nati tayari anazungumzia rafu za ukuta wa pili.

Nyumbani kwa mwandishi vitabu vimelala chini ya kitanda. Mkewe ameuliza kabati liko wapi. Ameambiwa liko gereji, lina hitilafu kidogo.