Nilivyouliza Kama Wana Franchise

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa kwetu Uvira, Kongo, na shule yangu ikafia hapo hapo, darasa la tatu. Nilitoka na kusoma polepole, kujumlisha haraka, na maneno machache ya Kifaransa ambayo mwalimu alituingizia kwa fimbo. Moja lilikuwa franchise. Kwa Kifaransa ni kusema kweli bila kuzungukazunguka. Mwalimu alilipenda, hasa alipotafuta nani kaiba chaki.

Kazi nilizofanya sizitaji zote. Ya mwisho ilikuwa kusuka nywele Durban, kwenye saluni ya Greyville, mpaka vidole vikaanza kushindwa kufunga vifungo asubuhi. Hapo binti yangu, aliyesomeshwa na vidole hivyo hivyo, akaja na karatasi.

"Mama, acha saluni. Tuweke akiba yako kwenye mkahawa wa chakula cha Mexico."

Chakula chenyewe ni chapati iliyofungiwa wali, maharage na nyama. Wanaita burito. Sikuona ajabu. Lakini akiba ile ilitosha jaribio moja tu. Ikipotea, ningerudi kusuka nikiwa na miaka sitini, na vidole hivi.

Karatasi ilikuwa na kampuni mbili, na juu yake kwa herufi kubwa: FRANCHISE. Nikafurahi. Nikasema, kumbe siku hizi wafanyabiashara wanaanza na ukweli.

Kampuni ya kwanza ilitupokea kwenye jengo la maduka lenye baridi kama friji. Dada wa viatu virefu akatuonyesha picha. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini kinafika.

"Dada, uko na franchise?"

"Nyingi sana, Mama! Nchi nzima."

"Nyingi vipi? Mtu anayo moja, au hana."

Binti yangu akanikanyaga mguu. Nikauliza chapati wanapika wapi. Zinakuja zimegandishwa, kwa lori kutoka Johannesburg, na ni marufuku kununua kwingine. Upate faida usipate, kila mwezi wanakata fungu lao kwenye mauzo. Ukitaka kuongeza pilipili yako, unaandika barua.

"Na wateja wakikosekana?"

Akasema jina lao halikosi wateja. Nikakunja chapati ya kuonja, ikapasuka.

Wa pili alikuwa Glenwood, karibu na chuo. Mwanaume mwenye unga hadi kwenye nyusi, anasukuma chapati mwenyewe.

"Baba, na wewe uko na franchise?"

Akajifuta mikono. "Bado, Mama. Sina hata moja. Ninyi mtakuwa wa kwanza."

Nikavuta kiti nikakaa. Katika maisha yangu sijapata kusikia mtu akikiri hivyo mchana kweupe.

"Basi anza leo," nikamwambia. "Duka hili linakuumiza wapi?"

Akamtazama binti yangu, akanitazama mimi. "Disemba. Wanafunzi wanakwenda kwao, mpaka Februari nasukuma chapati za kula mwenyewe. Mkifungua karibu na chuo, mtalia."

Ndani ya taxi, daladala za huku, binti yangu alicheka mpaka abiria wakageuka.

"Mama, kwa Kiingereza franchise ni kukodi jina la duka la mtu. Ulikuwa unawauliza wana matawi mangapi!"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kwa yule dada. Nikanyamaza, maana alishaanza kutoka jasho."

Nikahesabu robot tatu, taa za barabarani za huku. Halafu nikasema, "Eish. Basi tukodi la yule asiye nayo."

"Ile kubwa iko na jina, Mama."

"Jina halisukumi chapati."

Tulifungua Isipingo, karibu na stendi ya taxi, ambako Disemba ndiyo watu wanajaa na mifuko yao. Kwenye mkataba nilidai kitu kimoja: pilipili ni yangu. Vidole vyangu vimekataa nywele, lakini unga vinaukubali, kwa kuwa ni laini.

Leo niko na nusu ya duka hilo, nusu nyingine ni ya binti yangu. Jiko la gesi. Vyuma vitatu vya chapati. Friji mbili, moja inapiga kelele. Viti kumi na viwili vya wateja. Na kimoja nyuma ya kaunta, cha kwangu.