Zamu ya Sabuni

Shangazi yangu hakuwa mtu wa mchezo. Kazi yake ilikuwa kumwaga maji machafu ya magari ya watalii, yale yenye vitanda na choo ndani, na utaratibu wake haukubadilika: kwanza tangi la choo, kisha la sinki na bafu, ili maji ya sabuni yasafishe bomba.

Siku moja dereva akafoka, "Acha hilo la choo, mama! Fungua la sinki, limejaa na abiria wanataka kuoga!"

Shangazi alipokataa, akazabwa kofi hadi miwani ikaruka. Alichomoa bomba kwenye shimo la maji taka, kinyesi kikitoka kwa nguvu, akamwogesha dereva toka kichwani mpaka miguuni, kisha akamtandika nalo mgongoni hadi akapiga magoti.

"Basi, mama! Nisamehe!"

"Tulia," alisema shangazi, akifungua tangi la sinki. "Sasa ndiyo zamu ya sabuni."