Siku Ikutha Nzima Ilipofumba Macho

Harufu ya mbegu za pamba hunirudisha Ikutha hata nikiwa na shughuli zangu. Pamba yenyewe haina harufu ya kumsumbua mtu. Ni zile mbegu zikishapata joto ndani ya magunia: harufu nzito ya mafuta, vumbi na katani, inayokaa kooni hata baada ya kunywa maji. Stoo ya ushirika ilikuwa kando ya soko la mbuzi, mabati matupu kutoka chini hadi juu, na jua la kwetu lilipopanda, mabati hayo yalialika kwa joto juu ya vichwa vyetu. Humo ndimo tulimotazamia sinema. Kwingineko sinema ilionyeshwa nje baada ya giza kuingia, lakini Ikutha ni jirani ya mbuga, na ndovu hawaulizi mtu anatoka kanisani au anatoka sinema. Wazee wakaamua kwamba kwetu sinema itakuwa mchana, ndani ya stoo, madirisha yakizibwa kwa blanketi. Kila nyumba ilileta lake, nasi watoto tulikuwa tukitazama madirishani tukijua ni nani ana blanketi jipya na ni nani hujifunika matundu.

Mwenye sinema alikuwa bwana mmoja mnene kutoka Sultan Hamud, ambaye watu wote walimwita Bwana Picha. Alikuja mara moja kwa mwaka, baada ya pamba kuuzwa, na pikapu iliyobeba mashine, jenereta na shuka kubwa jeupe. Filamu aliyotuletea mwaka ule wa kwanza ilikuwa ya malkia wa nchi ya baridi, farasi wake mweupe, na joka lililolala mlangoni mwa bonde likizuia watu kuyafikia maji. Katika nchi ambamo mama zetu waliamka alfajiri kwenda kuchimbua mchanga wa mto ili wapate mtungi mmoja, hadithi hiyo haikuhitaji kufafanuliwa. Tulilichukia lile joka kama tunavyomchukia jirani mwenye kuziba kisima. Sasa malkia alipanda mlima, akafika mbele ya joka, akateremka kwenye farasi, na papo hapo jenereta ikakohoa ikazimika. Bwana Picha aliipiga mateke, akaisemesha kwa upole, akaipiga tena. Haikuwaka. Akakunja shuka lake na kutuambia tungoje mwaka ujao.

Subira huvuta heri, lakini sisi subira hiyo tuliila kwa makelele. Mwaka mzima Ikutha iligawanyika. Shuleni tulicheza joka kila mapumziko, na kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wenzangu, mimi ndiye niliyekuwa joka, nikilala mlangoni mwa darasa huku wasichana wenzangu wakinijadili kana kwamba siwasikii. Watu wazima walijifanya hayo ni ya watoto, kisha ukiwakuta sokoni wamesahau bei ya mbuzi wanabishana juu ya malkia. Nyumbani kwetu baba alisema joka lazima life. Baba alikuwa mtu wa maneno, fundi wa kusimulia, mtu aliyeweza kwenda kununua chumvi akarudi na hadithi ya saa nzima. Mama yangu, Mbula, alikuwa wa maneno machache.

"Huyo malkia hatapigana," alisema mama akiendelea kupepeta mbaazi. "Atapiga magoti, na hiyo joka itamwachia njia."

"Apige magoti mbele ya joka? Si ataliwa!" baba akasema.

"Wewe ngoja tu, Baba Mwende. Utaona," mama akasema, akimwita kwa jina langu.

Mama mwenyewe alikuwa mtu wa magoti. Alisali kila asubuhi kando ya kitanda, na akimaliza alisimama, akajipangusa vumbi magotini, akakaza leso kiunoni, akatoka kwenda kazini kana kwamba alichoomba kimeshatolewa na kimebaki kwenda kuchukuliwa tu. Nilipenda kumtazama katika kile kitendo cha kukaza leso. Hata leo nikipatwa na jambo zito, mikono yangu huenda kiunoni kutafuta leso ambayo sijavaa.

Mama alifariki mvua za masika zilipoanza. Aliugua siku chache, akapelekwa Kitui, akarudi akiwa ndani ya sanduku. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini baba hakukianza. Alikaa. Watu wa mbali walilia wakachoka, wakaenda zao, na yeye alikuwa bado amekaa. Baada ya hapo akawa anasema tu yale yasiyoepukika: funga mbuzi, leteni maji, laleni. Katika bendi ya kanisa yeye ndiye aliyepuliza tarumbeta kubwa la besi, lile tulilolibandika jina la Ndovu kwa unene wa sauti yake, na sasa Ndovu alikuwa amewekwa pembeni mwa chumba, kuku wakitagia karibu naye. Mezani, mdogo wangu Musyoka alipoombea chakula, baba hakufumba macho. Alitazama mbele tu. Najua kwa sababu nami sikuwa nikifumba. Nilikuwa nikimchungulia yeye. Nilikuwa na ombi moja tu duniani, kwamba baba yangu aseme tena, aseme hata upuuzi, hata uongo wa sokoni. Nyumba isiyo na maneno yake ilinitisha kuliko kaburi la mama.

Pamba ikauzwa, na Bwana Picha akaja kama alivyoahidi. Ila barabara ya kutoka Mutomo ilikuwa imemvunjia spika. Picha ipo, akasema, lakini sauti haipo, na sinema bila sauti ni kama kutazama watu wakigombana ng'ambo ya mto. Watu walinuna. Ndipo Mwalimu Nzioka, kiongozi wa bendi ya kanisa, aliposimama na kusema kwamba kama ni muziki tu, muziki upo. Yeye alikuwa mwembamba, mkali, na aliamini hakuna shida duniani isiyopungua kwa kupigiwa tarumbeta. Wanabendi wakatumwa nyumbani kuvaa sare na kofia. Niliporudi mbio kuchukua blanketi letu nilimkuta baba amesimama katikati ya chumba, amemshika Ndovu, anamfuta manyoya ya kuku. Nilielewa: alikuwa anakwenda kujua ni nani alishinda ule ubishi, yeye au mama.

Tulijaa ndani ya stoo hadi juu ya magunia. Bendi ilikaa chini ya shuka, imetugeuzia ubavu ili iweze kuona picha, na Mwalimu Nzioka akiwa na kijiti chake. Lakini bendi yetu ilijua nyimbo za kanisani tu, basi filamu nzima tukaitazama kwa nyimbo za kanisani. Farasi alipotimua mbio, walipiga wimbo wa mavuno, na kweli miguu yake ikaangukia pale pale ngoma ilipoanguka hadi watu wakapiga makofi. Theluji ilipoanza kudondoka, kitu ambacho hakuna mtu Ikutha aliyewahi kukiona, walipiga wimbo wa maziko, polepole. Joka lilipofunua jicho lake la kwanza, Mwalimu Nzioka alichanganyikiwa kidogo, kisha akaamuru wimbo wa Krismasi. Tuliimba. Nawaambia, tuliliimbia joka wimbo wa Krismasi kwa sauti nne, na sijawahi kusikia muziki uliofaa kuliko ule. Baba alikuwa amempakata Ndovu, hajampuliza hata mara moja. Wenzake walimwachia nafasi yake na kumwacha.

Malkia akateremka kwenye farasi. Hapo ndipo jenereta ilipotusaliti mwaka uliopita, na watu wote waligeuka kuitazama, ikaendelea kunguruma. Malkia akatembea hadi mbele ya joka, upanga mkononi. Akautupa. Akapiga magoti, akakutanisha viganja, midomo ikaanza kucheza.

Na bendi ya kanisa, ikiona mtu amepiga magoti, ikafanya lile inalofanya kila Jumapili. Kijiti kikashuka. Tarumbeta zikashuka. Kofia zikavuliwa. Kanisani kwetu hakuna mtu aliyepuliza chombo wakati wa sala, na hakuna aliyefundishwa kwamba joka ni jambo tofauti. Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa, aliyekaa mbele juu ya gunia, hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Tuombe," na stoo nzima, watoto kwa wazee, ikainamisha vichwa na kufumba macho.

Mzee Kilonzo hakuwa mtu wa sala fupi. Alimwombea yule malkia, mgeni katika nchi ya mbali. Akakemea joka. Alipokwisha kukemea joka akakumbuka ukame, akaombea mvua, kisha mifugo, kisha wale walioko hospitalini. Huku nyuma picha zilikuwa zinakwenda. Mimi sikuwa nimefumba. Nilikuwa nikimchungulia baba kwa mazoea yangu, nikaona macho yake yako wazi, yameelekea juu, na mwanga wa shuka unacheza usoni mwake. Nikageuka nione anachokiona. Joka liliinuka, kubwa kuliko mlima, likafungua kinywa. Likamtazama yule mwanamke mdogo aliyepiga magoti. Kisha likafunga kinywa, likashusha kichwa chake polepole hadi ardhini, kando ya miguu yake, na kuukunja mkia. Njia ikawa wazi. Nyuma yake maji yaling'aa. Malkia akasimama, akapita.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba alimwinua Ndovu akapuliza noti moja ya chini, ndefu, iliyotetemesha mabati na kifua changu, akaishikilia hadi pumzi ikaisha. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Sala ya Mzee Kilonzo ilikatika katikati ya hospitali, watu wakaruka, wakafungua macho. Walichokiona ni mgongo wa farasi ukipotelea mbali, kisha maandishi.

Fujo iliyozuka sitaisahau. Mama Kavata, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa vijiji viwili, alimkabili Bwana Picha.

"Rudisha nyuma! Sisi tulikuwa tunaomba!"

"Mama, nani aliwaambia muombe kwa sinema?" Bwana Picha akafoka, tayari anakunja shuka. "Petroli ya jenereta imekwisha, na mimi lazima nifike Mutomo kabla ya giza. Hiyo barabara yenu ina ndovu."

Akaondoka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku ile Ikutha nzima ilikuwa na macho na haikutazama. Habari zikaenea haraka kwamba mtu mmoja aliona. Kabla hatujafika nyumbani, Mama Kavata alikuwa ameshafika uani, na nyuma yake umati.

"Baba Mwende," alisema, na hapo akapunguza sauti, kwa kuwa hata yeye alijua anaongea na nani. "Wewe uliona. Tuambie basi. Hiyo joka ilikufa ama haikukufa?"

Baba alimweka Ndovu chini. Niliogopa kwamba atasema tu laleni. Kisha akavuta kiti.

"Haikukufa," akasema. "Mama Mwende ndiye alijua."

Akaanza kusimulia. Mwanzoni maneno yalitoka moja moja, yamekauka, lakini alipofika kwenye kinywa cha joka mikono yake ilikuwa imeinuka, na watu walisogea nyuma. Alisimulia jinsi kichwa kilivyoshuka. Alisimulia maji. "Halafu yule malkia akasimama," akasema, "akajipangusa vumbi magotini, akakaza leso yake kiunoni, akapita zake."

Mimi nilikuwa nimeona. Malkia alivaa joho la manyoya na taji, na hakujipangusa popote. Nilimtazama baba, naye akanitazama. Kesho yake walikuja wengine, na keshokutwa wengine, watu wa mbali waliosikia kwamba yuko aliyeona, na kila mara alisimulia hadi kwenye leso. Wiki hizo za kuulizwa ndizo zilizonirudishia baba. Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu mama hakuwapo, na lake lilisimuliwa uani hadi mvua za vuli zikaanza.

Baba sasa amelala karibu na mama. Mwezi uliopita binti ya Musyoka, aliyepewa jina la bibi yake, Mbula, alinipeleka Nairobi kutazama filamu ya majoka ikipigiwa muziki na okestra nzima. Nilidhani ananitania. Tuliingia ukumbi wenye viti laini na baridi ya mashine, vijana wamevaa majoho na masikio ya bandia, wapenzi wa filamu hiyo wanaoijua neno kwa neno. Chini ya skrini walikaa wanamuziki wa nguo nyeusi, wengi kuliko kwaya zote za Ikutha, na walipoanza kupiga nililia bila haya. Ilikuwa kamili. Hakuna ala iliyochelewa, na joka lilipokuja muziki ulilijua tangu mbali. Kisha shujaa akapiga magoti, na shingo yangu ikainama yenyewe. Niligeuka kutazama wenzangu. Hakuna aliyefumba macho. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu, zinaona kila kitu, na nilifikiri kwamba watu hawa wote wakitoka hapa hawatakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote.

Mbula peke yake ndiye aliyekuwa ameinamisha kichwa, anajibu ujumbe wa kazini. Alipoinua uso farasi wa shujaa alikuwa anapotelea mbali.

"Shangazi, nimepitwa! Kumetokea nini?"

Mikono yangu ilikuwa imeshainuka. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kinywa kilivyofunguka na kichwa kilivyoshuka hadi ardhini. "Halafu akasimama," nikasema, "akajipangusa vumbi magotini, akakaza leso yake kiunoni, akapita zake."

Mbula alitazama skrini, akanitazama mimi. "Lakini Shangazi, huyu hana leso."

"Ulikuwa umefumba macho," nikamwambia. "Mimi nilimwona."