Majogoo Wenye Kilemba Kilicholala

Mnaning'ang'aniza nisimulie habari za Nyanzobe wa Kagongwa kama vile sina mahindi ya kupukuchua. Haya.

Mwahija, jirani yake, ndiye aliyempa mbegu ya kuku wa mayai ya buluu, akamwachia achague majogoo wa kubaki katika mabanda yote mawili, lake na la Mwahija. Nyanzobe akapenda wenye kilemba kirefu. Wenye kilemba kifupi kilicholala akawachinja.

“Mama Luka,” Mwahija alikuwa amemwonya, “hao wenye sura mbaya ndio wanaobeba buluu.”

“Nimefuga kuku wewe hujazaliwa.”

Sasa buluu imekwisha kote. Mwahija hamlaumu, anamwamkia shikamoo vilevile, na Nyanzobe anaitikia akitazama chini.

Wewe unayesoma, ukiwa na jogoo wa mbegu ile mwenye kilemba kilicholala, mpelekee Mwahija.