Kwenda Arusini kwa Kupitia Aarhus

Ukitaka kumjua mke wangu Héritière, usimtafute nyumbani kwetu Brooklyn Center, Minnesota. Mtafute msibani. Akifiwa mtu yeyote wa kwetu, awe Lakeville au Saint Paul, awe tuliyetoka naye kambi ya wakimbizi au aliyewasili wiki iliyopita, Héritière hufika na sufuria yake kubwa kabla mchungaji hajapata habari. Hupika, huosha vyombo, hulala sakafuni pamoja na wafiwa, na asubuhi huenda moja kwa moja kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho mekundu. Mimi na binti yetu Uwineza huachiwa viporo. Nimelalamika miaka yote na sijawahi kusikilizwa.

Sufuria yenyewe ni ya aluminiamu, imebonyea ubavuni, na haipikiwi chakula cha nyumbani. Siku moja nilichemshia mahindi humo, nikatazamwa kana kwamba nimeoshea miguu kwenye kikombe cha meza ya Bwana.

Basi mwaka 2017, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka, shemeji yangu Twagirayezu, kaka mkubwa wa Héritière anayekaa Brussels, alituletea habari kwamba binti yake ataolewa Julai. Tulikuwa tumeshapata uraia na pasipoti. Mimi huendesha basi la shule, na tangu tufike Minnesota nimezunguka mitaa ileile mpaka naweza kuizunguka nikisinzia, ingawa wazazi wa watoto wasilisikie hilo. Kwa hiyo niliposema tukodi gari tuwatembelee ndugu wote waliotawanyika Ulaya, nilisema kwa raha ya moyo wangu. Nilitaka barabara nisiyoijua.

Uwineza alifungua ramani kwenye kompyuta, juu ya meza ya chakula, akaanza kupanga. Yeye huelewa kila tunachosema kwa Kiswahili na hutujibu kwa Kiingereza, lakini njia alituchorea vizuri: tushukie Brussels, tucheze arusi, twende Lille kwa mchungaji wetu wa zamani, tupande Uholanzi, tuingie Ujerumani tulale Cologne kwa binamu Mukamana, kisha turudi kupanda ndege. Kule juu kabisa palibaki Aarhus, Denmark, kwa Bernardine, yaya wa Héritière, yaani dada aliyemtangulia kuzaliwa. Héritière mwenyewe ndiye aliyesema pale tuweke "muda ukiruhusu".

Nilishangaa. Bernardine ni dada yake wa pekee. Kambini walilala mkeka mmoja. Kisha ndege moja ikampeleka Bernardine na mumewe Solomon Denmark, nyingine ikatuleta sisi huku. Solomon alipofariki, hatukuwa na hati yoyote ya kusafiria. Héritière alilia kwenye simu, akatoa pole, akasema atakuja. Hati zilipopatikana, akasema tena atakuja. Miaka ikapita, na kadiri ilivyopita ndivyo simu zao zilivyozidi kuwa fupi.

Mpango wetu aliutangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa sauti yake, akitaja kila mji. Watu walifurahi. Mukamana aliuliza kama bado nasusia samaki. Twagirayezu alituma picha ya ukumbi. Bernardine alisikiliza, hilo lilionekana, lakini hakujibu. Siku nzima Héritière aliifungua simu na kuifunga. Kesho yake ujumbe ulikuja, mfupi.

"Arusini sitafika. Mimi ningali mu matanga."

Hapa sina budi kueleza. Katika ukoo wa mke wangu, mjane hatoki matangani kwa kuhesabu miezi. Hutolewa na dada zake. Wanakuja, wanampikia, wanakaa naye, na siku ya mwisho wanamvika nguo ya rangi na kumtoa nje. Kabla ya hapo hachezi arusi ya mtu. Twagirayezu alikwenda kuzika, lakini kazi hiyo si ya kaka. Bernardine ana dada mmoja tu, na dada huyo alikuwa Brooklyn Center akipikia misiba ya watu baki.

Héritière aliweka simu mezani. "Nimelia na kila mutu hapa," alisema. "Yaya nimemuachia alie peke yake."

Nilimwonea huruma sana. Nilijua hakumweka Bernardine mwisho wa ramani kwa kusahau. Alimwogopa. Aliogopa kubisha hodi kwenye mlango ule akiwa amechelewa hivyo, na mlango usifunguliwe.

Uwineza aliuliza kwa Kiingereza chake kwa nini basi tusianzie huko. Nikamjibu, kwa ukali kidogo, kwamba tiketi za Brussels zimeshakatwa, na mtu hawezi kutua mji wa kaka mkubwa akapita mlangoni pake kama hamjui. Hilo nalo ni tusi. Héritière hakubishana na yeyote. Alimpigia kaka yake palepale, akamweleza. Nikamsikia Twagirayezu akisema polepole, "Mukitua, mimi sitawaona. Nitawaona siku mutatoka ku matanga."

Tangu siku hiyo nampenda shemeji yangu kuliko anavyojua.

Tukaipindua ramani. Sasa tungetoka uwanja wa ndege wa Brussels moja kwa moja, tukate Uholanzi na Ujerumani bila kula kwa ndugu yeyote njiani, mpaka Aarhus. Mukamana angetuona tukirudi kwenda arusini. Lille ndiyo ikawa ya muda ukiruhusu. Uwineza alichagua gari dogo la viti vinne, nami nikaridhika, mpaka Héritière alipoileta sufuria.

Nilimwambia Denmark kuna sufuria. Akaniambia hii ndiyo inayoijua kazi. Haikuingia kwenye sanduku lolote. Kwenye ndege tungeijaza nguo na kuifunga kwa kamba, na kwa kuwa buti la gari lingejaa masanduku, niliamua itakaa kiti cha nyuma, kando ya Uwineza, kama abiria. Nilifikiri hapo mpango umekamilika.

Kilichobaki ni kumpigia Bernardine, na hilo Héritière alilikwepa siku kadhaa. Alifua mapazia. Alipanga upya kabati la viatu. Jumapili, tuliporudi kanisani, aliketi bila kuvua koti, akaweka simu katikati ya meza ili sote tusikie. Akamwambia dada yake kwamba tunakuja kwake kwanza, kwamba tutakaa, atapika, atamtoa matangani, na arusi itafuata. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Tulisikia maji yakimwagika upande wa Bernardine, nadhani alikuwa akiosha vyombo, kisha bomba likafungwa.

"Na hiyo voiture yenu," aliuliza, "iko na place ya mutu mwingine mpaka ku arusi?"

Nilianza kuhesabu viti vya gari kichwani. Mimi, Héritière, Uwineza, na kile cha nne nilikuwa nimekwisha kuipa sufuria. Héritière hakunisubiri.

"Place iko, yaya," alisema, huku machozi yakimtoka. "Sufuria nitaipakata."