Chumvi ya Bibi na Kome wa Nyabarongo

Mwaka ule Bibi, mama yake baba, aliamua kurudi Bagamoyo. Alitoka huko mtoto, kaletwa na baba yake mfanyabiashara, na tangu hapo mtaa wetu wote wa Biryogo unasimuliwa bahari kana kwamba sisi ndio tuliomnyang'anya. Sanduku lilikuwa mlangoni. Lori lingepita Ijumaa, baada ya swala. Baba akainamia cherehani yake. Hajawahi kubishana na mama yake akashinda. Mimi nilikuwa nikilala kitanda kimoja na Bibi, naye ndiye aliyekuwa akinipasha miguu moto. Sasa nani angenipasha, mbuzi?

"Bibi, huko kuna nini ambacho hapa hakuna?"

"Kome. Wamegandamana na mawe, mawimbi yanawapiga, hawabanduki. Nyie mna nini? Matope."

"Hata hapa wapo!" Mwalimu alikuwa ametufundisha hayo siku pekee niliyosikiliza.

"Kwenye maji yasiyo na chumvi? Niletee mmoja aliye hai, sanduku nalirudisha ndani. Ukikosa, utanibebea hadi kwenye lori."

Nikateremka hadi mto Nyabarongo. Wachimba mchanga wakaniona napapasa tope kwa vidole vya miguu.

"We sha, unatafuta mchumba?"

"Ndiyo, wa bibi yangu!"

Walipomaliza kucheka, mmoja alinionyesha pembeni, maji yanapotulia. Kome wa mtoni hagandi kwenye jiwe. Hujizika nusu kwenye tope na mchanga. Nikarudi na mmoja ndani ya kopo.

Bibi akampokea kama mgeni wa heshima. Akamwosha tope lote, akamweka kwenye beseni la maji safi, akampa jiwe la kushikilia. Halafu akatia konzi ya chumvi.

"Apate harufu ya kwao."

Kome akajifunga kama mlango wa mdaiwa. Alhamisi jioni bado kajifunga.

"Umeona?" Bibi akasema taratibu, bila ushindi. "Hapa hakuishiki."

"Lakini Bibi, kwao ni kule kwenye tope! Wewe ndiye uliyempeleka ugenini."

Nikamwaga yale maji ya chumvi, nikakimbilia mtoni kuchota maji na mchanga wake.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, kome akafunua mdomo. Kitu cheupe kikachungulia, kikaanza kuchimba mchanga.

Bibi alichuchumaa akitazama. "Hana adabu. Anatoa ulimi kama wewe."

Lori likapiga honi. Ikapigwa tena.

"Mwambie dereva mgongo unaniuma."

Nikatoka mbio kabla mgongo haujapona. Niliporudi, Baba alikuwa analiburuta sanduku kuelekea chumbani, anapiga mluzi.

Jumamosi tulimrudisha kome kwao, Bibi kanishika bega mteremko wote. Hakuwa amewahi kufika Nyabarongo maisha yake yote. Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso.

"Yangetiwa chumvi kidogo tu," akasema, akavua viatu.