Chunjua Tatu Chini ya Piko

Jumatano. Mvua ya masika imeanza alfajiri na haikukata mpaka adhuhuri, na uchochoro wetu hapa Bububu umejaa maji.

Naona haya hata kuandika, lakini bora niandike mwenyewe kuliko kumwachia wifi yangu Zuwena, maana yeye kila akisimulia jambo anaongeza (ingawa kwa haki ya Mungu, la leo halina haja ya kuongezwa).

Nilikuwa na chunjua tatu kwenye unyayo wa kulia, zimekaa humo kama wapangaji wasiotaka kuhama. Nimezitia kitunguu thomu, nimezitia utomvu wa papai, nimezisugua kwa jiwe, wapi! Na kazi yangu ni kusimama kwenye karai nikikaanga bajia, na harusi ya mwanangu ni wiki ijayo, na daktari wa kuzikata huja hospitali yetu mara moja kwa mwezi, kwa hivyo ningemkosa leo ningemsindikiza bibi harusi natembea kama bata.

Basi jana nikautazama unyayo wangu. Magaga matupu! Nikajiuliza, nitampaje daktari, kijana wa watu, mguu kama huu aushike? Zuwena ni mchoraji wa hina, nikamwambia, "Wifi, nipambe nyayo, nisiaibike."

"Unakwenda kukatwa au unakwenda fungate?" akaniuliza. Lakini akachora. Piko jeusi, maua ya vitone, unyayo mzima mpaka kisigino, na mimi nikajiona mwenye akili.

Leo daktari kaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," nikapanda kitandani kwa maringo, nikavua soksi. Akavuta taa. Akainama. Akainama zaidi.

"Mama, chunjua ziko wapi?"

"Hapo penye ua."

"Ua lipi, mama? Hapa pana bustani."

Kumbe chunjua ya unyayoni hujulikana kwa vitone vyeusi vilivyo ndani yake, na mimi nimejaza vitone vyeusi mguu mzima! Nesi akasugua kwa spiriti, piko likazidi kung'aa. Daktari (sina la kumlaumu, mpole mno) akasema labda nirudi mwezi ujao likishafutika. Nikamshika koti. "Mwanangu, nna harusi!" Akafikiri, akasema basi atabinya mahala mahala, penye chunjua patauma, nimwambie.

Sasa mimi nina mtekenyo. Akibinya pasipouma nacheka, tena si kicheko cha mtu mzima, na chumba kile kimetengwa na ukumbi kwa pazia tu, na ukumbini mabenchi yamejaa wanawake wa kliniki ya wajawazito. Nikacheka mpaka machozi, halafu akabinya penyewe, "Yallaa, mama yangu nakufa!", mguu ukaruka wenyewe ukapiga sinia, vyuma vikatawanyika sakafuni na spiriti ikamrowesha suruali.

"Moja hiyo," akasema, akabandika kipande cha plasta. "Bado mbili."

Nesi akamwita Zuwena, aliyenisindikiza, aje anishike mguu. "Naam!" akaja mbio, akaukumbatia (na kwa haki yake, aliushika barabara), lakini ana sauti ya kuuzia samaki: "Vuta pumzi, wifi! Vumilia, bado kidogo!" Mimi nacheka, napiga ukelele, nacheka tena. Zote tatu zilipopatikana nikapigwa sindano ya ganzi, mguu ukafa, daktari akazikwangua kwa kijiko chenye makali, akaunguza mahala pake, akafunga bandeji. Nikawa kimya.

Huko nje bibi mmoja mzee akainuka benchini. "Masikini, kajifungua salama?"

Zuwena hakupepesa hata jicho. "Salama, bibi. Watatu."

Vigelegele ukumbi mzima! Natoka nachechemea, nimeshapita hamsini, watu wananipa mikono. Ningesema kweli pale pale, lakini kusema kweli kungetaka nieleze na habari ya maua, nikashindwa, nikasema ahsanteni.

Na yule bibi ni wa hapa hapa Bububu. Sisi tulikwama dirisha la dawa, yeye akatangulia na habari. Mume wangu Haji kapongezwa msikitini baada ya laasiri, akajibu "Alhamdulillahi" kwa adabu tu, bila kujua ni la nini. Alipoambiwa akarudi mbio, akanitazama tumbo, akatazama chumbani.

"Wako wapi?"

Nikamwonesha bandeji.

Sijui kama kosa ni langu au la Zuwena, nadhani langu zaidi. Siku nyengine kwa daktari nitakwenda na magaga yangu yote, ayaone. Harusini, inshallah, nitatembea kama watu.

Kupika sikuweza kusimama, lakini hatukulala na njaa. Majirani walileta uji wa pilipili manga, ule wa mzazi, masufuria mawili. Haji kanywa vikombe viwili kanipa mgongo, Zuwena kakwangua sufuria.